Nimelikagua begi langu la mekapu kitu kwa kitu, na duka moja nimelihama

Jamani mnaonijua mnajua mi ni mpambaji, maharusi, sendofu, kichen pati, mwaka wa saba huu napanda daladala na begi langu mgongoni, kwa hiyo msije mkadhani nimekuja kuhubiri. Nimekuja kutoa rivyu ya vitu ninavyonunua kwa hela yangu, ila safari hii sitaongelea sana kama inakaa au haikai, nitaongelea imetoka wapi, imepitia mikono ya nani, na kwa nini vingine sivinunui tena hata kama vinapendeza.

Ilianza Ijumaa moja kwenye nyumba ya watu Mtoni, familia ya Kizanzibari, nimeshamaliza nyusi na macho, nimefika kwenye mdomo, natoa lipstiki yangu nyekundu ambayo ndo huwa naringia nayo, bibi harusi akanishika mkono. Dada samahani, hii imetiwa nini ndani? Nikamwambia ni rangi tu, ya nje, orijino. Shangazi yake alikuwa anakunja kanga pembeni akadakia, orijino tumesikia mwanangu, unaulizwa imetiwa nini. Basi nikageuza boksi, maandishi madogo kama mayai ya sisimizi, mdogo wake bibi harusi akapiga picha akaikuza kwenye simu, akatafuta namba moja baada ya nyingine mpaka akafika CI 75470, hizo CI ni namba za rangi. Akacheka mwenyewe. Wadudu hawa, akasema.

Na kweli ni wadudu. Inaitwa kamini, inatoka kwa vidudu vinavyoishi kwenye dungusi kakati, Peru ndo wanazalisha kuliko wote, wanavikwangua kwenye mmea, wanavikausha na kuvisaga, na kupata kama nusu kilo ya rangi vinakwenda vidudu elfu 70 hivi. Siyo sumu, hata kwenye peremende na mtindi wa pinki huwa inawekwa. Kuna masheikh wanaoruhusu na kuna wanaokataza, mi hilo siliwezi, kazi yangu ni kumwambia mteja kabla sijampaka na siku ile nilikuwa sijui ninachompaka. Miaka saba! Nikampaka ya kahawia, harusi ikaisha salama, shangazi akanipa na pilau ya kwenda nayo nyumbani, lakini njia nzima nimeduwaa.

Lipstiki ile nimeiacha. Niliyochukua badala yake nyekundu yake ni CI 15850, rangi ya kiwandani haina mdudu, ni kavu kidogo kwa hiyo lazima utangulize mafuta ya mdomo, ila inavumilia mpaka baada ya chakula. Naipa nane kwa kumi. Yule bibi harusi mwenyewe anatumia Wardah ya Indonesia, wao halali ndo biashara yao tangu 1995, kaka yake anayesoma Malaysia ndo anamletea. Nilimwomba nijaribu shedi moja mkononi, nzuri sana aisee, mwenye ndugu huko amtume.

Haya, fondesheni. Hapa ndo kuna mambo na hapa mwenzenu nina kesi ya kujibu.

Ngozi zetu kwa miaka mingi kampuni zilikuwa hazitujui, unakuta shedi ishirini, kumi na nane za watu weupe na mbili za mwisho ni majivu. Fenty Beauty ilipotoka 2017 na shedi 40 kwa mpigo ndo wengine wote wakashtuka wakaanza kuongeza za kwao, na kwa mimi hilo nalo ni suala la haki kama mengine tu, kumuuzia mtu mweusi kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake. 2022 wakaja rasmi Kenya na nchi nyingine kadhaa za Afrika, huku kwetu tunazipata kwa watu wanaosafiri na masanduku, na ukija kupigiwa hesabu chupa moja inapita laki. Sasa mpambaji wa Temeke anayelipwa laki na nusu kwa uso, na hapo nauli juu yako, unafanyaje? Unaenda Kariakoo.

Nilipata ya elfu thelathini na tano, yenye jina la kampuni kubwa ambayo siitaji kwa sababu kosa si lao. Boksi safi, nailoni imebana vizuri, mpaka kasungura, ile alama ya kwamba hawajaribu kwa wanyama, wamekachapa pale nyuma. Nikampaka binamu yangu kwenye sendofu yake. Saa mbili usiku anacheza na wajomba zake, saa nne anajikuna, asubuhi shavu la kushoto limeumuka kama andazi. Wiki mbili alikuwa anatoka na mtandio usoni na hakunitukana, ndo kitu kinachoniuma, alisema tu dada usijali. Nilipoifungua ile chupa nikatoa ile pampu yake, ndani ya shingo kulikuwa na mzingo wa fondesheni iliyokauka, rangi nyingine kabisa, nyepesi. Yaani ile chupa ilishawahi kutumika na mtu mwingine, ikaoshwa harakaharaka ikajazwa uji wao.

Na chupa wanazipata wapi? Nikakumbuka. Kuna kijana anapita mtaani kwetu na kiroba, ananunua vyuma na plastiki, mwaka juzi aliniambia dada zile za glasi za mekapu nakupa elfu moja moja, kama ina boksi lake elfu mbili. Nikaona huyu kanipatia dili. Nilimuuzia chupa tisa. Tisa, na mabox nikamtunzia kabisa yasikunjike. Kwa hiyo mnapolalamika feki zimejaa mjini na mimi nimo, nilikula nao sahani moja bila kujua, au tuseme bila kuuliza, maana nani ananunua boksi tupu kwa elfu moja ya ziada ili akalifanyie nini?

Sasa tuje kwenye duka lenyewe, sitataja jina wala mtaa maana mawakili siwawezi. Ni kubwa, lina feni, wadada wanakukaribisha vizuri, bei zake ndo zilikuwa zinanirudisha, sponji elfu mbili sehemu nyingine elfu nne. Baada ya ile kesi ya binamu nikarudi na ile chupa mkononi. Mdada akaishika akaniangalia akasema dada hiyo siyo ya kwetu, risiti una? Risiti wenyewe hawatoi. Nikasema sawa, basi nitafutie ya kweli, shedi ya mtu mweusi kabisa, nina harusi Jumamosi. Akaniletea tatu, zote za rangi ya chapati. Nyeusi haziendi sana dada, akasema. Halafu bila hata kubadilisha sauti akaniuliza, huyo bibi harusi harusi yake lini, maana kuna ya siku saba hapa.

Ya siku saba ilikuwa nyuma ya pazia. Ndoo ndogo ya plastiki, mafuta ya rangi ya waridi, kijiko cha kukorogea kimesimama humohumo, na kando yake tyubu tatu nne zimekamuliwa mpaka mkiani. Mkorogo. Yule mdada usoni alikuwa mwekundu kama embe lakini vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, na sijasema hivyo kumcheka, si ajabu kaambiwa ukiuza kitu lazima nawe uonekane unakitumia na mshahara uko hapohapo.

Nilisimama pale kama dakika nzima nikaelewa kitu ambacho kwa miaka saba nimepita nacho tu. Hilo duka halina shedi ya bibi harusi wangu, lakini lina dawa ya kumbadilisha bibi harusi wangu afanane na shedi waliyonayo. Rafu ya mbele na pazia la nyuma ni biashara moja.

Na siyo siri zile tyubu zina nini, ni haidrokwinoni, steroidi, na nyingine zebaki, ile ya kwenye vipimajoto vya zamani, inaingia kwenye ngozi inakwenda kwenye figo, na kama una mtoto anayenyonya naye anapata ya kwake. Kwenye lebo hawaandiki zebaki kwa Kiswahili, ukiona calomel au mercuric iodide au mercurous chloride rudisha hapohapo. Dunia ilishakubaliana kwenye Mkataba wa Minamata kwamba vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni visitengenezwe wala kusafirishwa baada ya 2020, halafu 2023 Geneva wakaona hata hicho kiasi ni mwanya wa watu kupenyeza, wakaondoa kipimo, yaani isiwekwe hata chembe. Hapa kwetu vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na hivi vitu havijaruhusiwa. Rwanda wao wanapita madukani wanakusanya. Lakini pazia ni pazia.

Kwa hiyo duka, nalipatia mbili kwa kumi kwa ubora wa feni lao na sirudi. Nimehamia kwa mama mmoja mwenye fremu ndogo, vitu vyake vichache, ukimuuliza hii umeitoa wapi anakuonyesha karatasi za mzigo, kama hajui anasema sijui mwanangu ngoja niulize. Hauzi krimu ya kung'arisha hata moja. Bei juu kidogo, shedi za weusi anazo nne na akiishiwa anaagiza, risiti anatoa bila kuombwa. Nane na nusu. Nusu nimekata kwa sababu anafunga saa kumi na foleni yetu mnaijua.

Suala la sungura sasa, maana ndo kitu watu wengi wakisikia mekapu ya haki wanafikiria hicho tu. Zamani, na sehemu nyingine mpaka leo, kampuni ikitaka kujua kama maskara inachoma jicho inamtia sungura jichoni, amebanwa shingo asijipanguse, wanamchagua yeye kwa sababu machozi hayamtoki kama sisi kwa hiyo dawa haioshwi. Kipimo hicho kina miaka tangu 1944. Ulaya walishapiga marufuku, 2013 ndo wakakataza hata kuuza kilichojaribiwa kwa mnyama mahali pengine. China ndo ilikuwa kinyume, ukitaka kuingiza mekapu yako huko lazima ijaribiwe kwa wanyama, ndo maana ukaona kampuni inasema sisi hatujaribu ila pale sheria inapotaka, hiyo ila ndo kubwa kuliko sentensi nzima. Mei 2021 China wakalegeza kwa mekapu za kawaida kama lipstiki na poda, mradi una vyeti vinavyotakiwa, lakini dawa za nywele, za kuzuia jua na za kung'arisha ngozi bado zina masharti yake. Mnaona hiyo kung'arisha inavyotufuata kila mahali.

Kwenye boksi tafuta yule sungura anayeruka, Leaping Bunny, hao wanafuatilia mpaka kwa wanaowauzia kampuni malighafi. Wa PETA, shirika la kutetea wanyama, yupo pia, kwa kiasi kikubwa kampuni inatoa tamko lake kwa maandishi. Wengine wengi wamechorwa tu na fundi wa kompyuta. Na msisahau feki yangu nayo ilikuwa na sungura wake ametulia, binamu ndo alifanyiwa majaribio.

Kope za kubandika, ambazo zinakwenda kama njugu. Zile za mink halisi ni manyoya ya mnyama anayefugwa kwenye kizimba, ukiambiwa yameokotwa tu wakati mnyama anajipukutisha hiyo chai. Nikasema basi nachukua za nyuzi, za e.l.f. kwa sababu wao hawagusi wanyama kabisa, Leaping Bunny wanaye, hakuna kitu cha mnyama ndani. Nikafurahi. Halafu nikaja kusoma kwamba Januari 2019 hao hao walikubali kulipa serikali ya Marekani dola 996,080 kwa sababu mizigo 156 ya seti za kope walizonunua kwa wauzaji wawili wa China ilikuwa na malighafi ya Korea Kaskazini, nchi ambayo Marekani imeiwekea vikwazo, kuanzia 2012 mpaka 2017, miaka kama mitano! Kuwasema vizuri, wenyewe ndo waligundua na wenyewe ndo wakajipeleka kutoa taarifa, wangeweza kunyamaza. Bado nazitumia, saba na nusu, gundi inashika hata kwa anayelia kwenye nasaha. Ila siku ile ndo nikaelewa alama ya sungura inajibu swali la sungura basi, haikuambii nani alikaa anasokota zile nyuzi wala alilipwa nini.

Hailaita ndo ilinimaliza. Ule mng'ao wa shavuni unaofanya bibi harusi awake kwenye picha kama kapakwa mwezi ni maika, CI 77019 kwenye lebo, jiwe linalochimbwa. Nyingi inatoka Jharkhand na Bihar kule India, na nyingine kusini mwa Madagaska, hapo jirani yetu kabisa ukivuka maji. Wanaoingia kwenye yale mashimo membamba wengi ni watoto, kwa sababu wanapita. 2016 waandishi wa Thomson Reuters Foundation walienda India wakakuta watoto saba wamekufa ndani ya miezi miwili machimboni na vifo vikafichwa, wazazi wakilipwa wanyamaze. Madagaska, shirika la kutetea watoto la Terre des Hommes 2019 walikadiria watoto elfu 11 hivi wanafanya hiyo kazi. Nina mtoto wa miaka sita. Nilikuwa nimeshika ile poda, kidole kimeng'aa, nikaenda kunawa na haitoki kirahisi ile kitu mnajua wenyewe, mpaka jioni naiona kwenye kucha.

Nikasema nitaiacha kabisa. Sasa soma hapa, ngoma nzito. Kampuni ya Lush ya Uingereza ilisema 2014 inaacha maika ya kuchimba inachukua ya maabara, ikaja kukuta kuna rangi walizokuwa wananunua zina maika humohumo, wakamaliza kuitoa yote 2018. Miaka minne na wana watu wa kufuatilia! Na kuna wanaosema ukiacha kununua unamwachia yule mtoto njaa, bora kampuni zibaki zilipe bei nzuri na mtoto aende shule, ndo maana 2017 Paris zikaungana zikaanzisha Responsible Mica Initiative. Mi sina jibu kubwa hapo, maika ipo mpaka kwenye vifaa vya umeme ndani ya nyumba yangu. Nilichofanya nimechukua hailaita iliyoandikwa synthetic fluorphlogopite, jina refu kama treni lakini maana yake imetengenezwa kiwandani. Inang'aa kuliko ile ya kwanza, haina vichenga, elfu ishirini na mbili kwa yule mama. Tisa kwa kumi.

Kuhusu nani mmiliki sitaenda mbali maana utapagawa. The Body Shop ya Anita Roddick, 1976, mama wa watu alipigana na mambo ya wanyama kabla hayajawa fasheni, 2006 ikauzwa kwa L'Oréal, 2017 kwa Wabrazili wa Natura, mwisho wa 2023 ikauzwa tena, Februari 2024 tawi lake la Uingereza likashindwa kulipa madeni. Unapenda duka kwa moyo wa aliyeanzisha kumbe mwenye nyumba amebadilika zaidi ya mara tatu. Na kinyume chake pia kipo, kuna MAC, sungura hawana, ila lipstiki zao za Viva Glam tangu 1994 hela yote ya bei inatolewa msaada, ilianza na mambo ya Ukimwi, imeshapita dola milioni 500. Mimi mama yangu mkubwa alikufa 1998 na dawa zilikuwa hazijatufikia. Nina moja niliyoletewa zawadi, siitumii kwa wateja, naipaka mwenyewe Desemba mosi, siku ya Ukimwi duniani, siwezi kuipa maksi.

Za nyumbani watu mnaniuliza. LuvTouch Manjano ya Shekha Nasser wa Shear Illusions, poda zake zinaelewa jua la Dar, na wana Manjano Foundation inayofundisha wadada upambaji na biashara, nina rafiki ameanzia hapo. Kenya kuna SuzieBeauty ya Suzie Wokabi, naye ni mpambaji kama sisi, 2016 ikanunuliwa na Flame Tree. Huwa naanza na hawa kabla sijaangalia vya nje. Ila cha asili nacho usikipokee kwa sababu tu ni cha bibi, wanja wa manga, lile jiwe la kusaga, mengi ni madini ya risasi, Marekani hairuhusiwi kabisa kwenye vipodozi. Mtoto mchanga msimpake jamani, nawaomba, hata kama mama mkwe kakasirika.

Begi langu sasa limepungua, vitu kumi na nane badala ya thelathini na kitu, nimepandisha bei elfu ishirini na wateja wawili wamenikimbia. Mmoja amerudi.

Yule kijana wa kiroba alipita tena juzi. Nikamwonyesha chupa zangu tupu, nimezikwangua jina kwa kisu na kila boksi nimelichana vipande viwili. Akaziangalia, akaninunia, akasema dada sasa hizi mi nazipeleka wapi?